Baba, Dada, Bado

Nilimwandikia "baba", akasoma "dada".
Nikafuta, nikaandika tena kwa wino mzito.
Akanitazama kama mtu anayeulizwa bei
ya kitu asichokiuza.
Ramla, dada yake, akacheka. Baba yao hakucheka.
Nami, nitasema kwa kuwa nimechoka kulificha,
nilimpiga vidole kwa rula. Mara tatu.
Rula ya plastiki, ya njano.

Shangazi akatuma sauti kwenye simu:
mnyweshe kombe, mkatazeni mayai,
ukoo wetu haujapata kuwa na mtoto mzito.
Shuleni wakanipa fomu, kurasa kumi na tisa,
na foleni ya kupimwa: miezi ishirini na miwili.
Miezi ishirini na miwili!
Tembo hushika mimba na kuzaa.

Halafu mvua ya Bolton, ile isiyonyesha sana wala kukoma,
ikanisukuma na kapu langu la nguo
hadi dukani kwa Jadwiga: mashine tano, moja mbovu,
nyuma ya mashine mlango,
nyuma ya mlango meza ndefu, nyeupe kwa unga.

Mzee Entwistle, mwokaji mstaafu, alikuwa na aproni.
Kila Jumamosi, akaniambia, tangu saa nne
hadi mashine ya mwisho izime.
Hakuna ada. Mlete mtoto, njoo na kikombe chako.
Callum alikuwa chini ya meza, ndiko anakofikiri vizuri.
Hodan kaziba masikio; kwa ajili yake
Jadwiga alikata waya wa kengele,
wateja sasa wanagonga kioo kwa ukucha.
Mama Callum akajaza fomu yangu, ukurasa kwa ukurasa,
kwa subira ya mtu aliyewahi kuikosea yake.
Nami nikamkunjia mashuka.

Mzee akamkatia Idarusi donge.
"Nina miaka sabini na tatu," akasema,
"na herufi hazijawahi kutulia mbele yangu.
Mwalimu aliniketisha kando ya jiko la makaa,
kazi yangu kuchochea moto. Miaka mitano.
Mikate niliipima kwa viganja,
barua alisoma mke wangu.
Alipokufa, zikajaa droo."
Hakuna aliyesema pole.
Hodan alimsogezea siagi.

Ni Ramla aliyegundua, yuleyule aliyecheka,
akiviringisha unga mezani:
tazama, b ina kitambi mbele, kama baba akirudi kazini;
d imebeba mtoto mgongoni, huyo ni dada.
Mzee akataka atafsiriwe,
akapapasa tumbo lake mwenyewe, akasema kweli.
Idarusi akafumba macho, akazigusa.
Kitambi. Mgongo. Kitambi.
Tukazioka. Zikavimba, zikapinda,
tukazila na jemu, baba wote na dada wote.

Sitasema amekuwa msomaji.
Juzi alinichagulia basi, likatushusha Bury.
Shangazi kanuna hadi leo.
Fomu imerudi: ukurasa wa kumi na saba haukutiwa sahihi.
Rula ya njano iko kwa mzee, anakatia unga.

Jumamosi iliyopita mashine ya mwisho ilizima,
wote tumeshavaa makoti,
Idarusi kabaki dirishani, kidole kwenye mvuke wa kioo.
Nikauliza kwa papara, umemaliza?
Hakugeuka. Akaandika jibu:
"dabo".
Akaliangalia muda mrefu.
Akashika tumbo lake. Akajigusa mgongo.
Nikaona kidole changu kinanyanyuka kwenda kusahihisha,
nikakitia mfukoni.
Jadwiga akaiwasha tena taa aliyokwisha kuizima.